Kocha Aliyejenga Timu za Wengine

Timu yetu ilisafiri kwa lori la taka. Nalisema mapema kwa sababu waliokuwa mtaa wa Ziwani miaka hiyo watalikumbuka lori kabla ya kumkumbuka yeyote kati yetu tuliopanda ndani yake. Kocha alikuwa dereva wa lori hilo. Siku za kazi alizoa nalo taka za Eastleigh, na mwisho wa wiki, kwa ruhusa ya msimamizi wake ambaye alikuwa shabiki wetu, alitupeleka nalo mechini. Siku iliyotangulia mechi aliliosha mwenyewe kwa maji ya mfereji, akalimwagia dawa ya choo, akaliacha wazi lipigwe na upepo. Hata hivyo, tukifika uwanjani mashabiki wa upande wa pili walishika pua.

Siku moja golikipa wetu alikasirika, akaruka chini na begi lake. "Kocha, mimi siingii hii gari tena. Wanatucheka."

Kocha alikuwa bado ameshika usukani. Akamwambia, "Wakishika pua kwa mkono mmoja, wamebaki na mmoja tu. Hawawezi kupigia wenzao makofi. Chukua begi twende."

Hakuwa mtu wa kucheka baada ya kusema neno kama hilo. Alilisema kama anayekuambia kwamba mvua itanyesha.

Mimi nilikuwa beki wa kulia, na mchana nilifanya kazi kwenye karakana ya reli. Kocha aliniita Namba Mbili, na sidhani kama alilijua jina langu lingine, kwa sababu hata mke wangu alimwita Mama Namba Mbili. Nilimchezea miaka mingi kuliko mchezaji mwingine yeyote, na sababu yake haina sifa yoyote: hakuna kampuni iliyowahi kunitaka. Wengine walikuja, wakaiva, wakaondoka. Mimi nilibaki kama mlingoti wa bendera.

Kabla sijajiunga, timu hiyo iliwahi kuchukua ubingwa. Vijana wote walikuwa wa mitaa yetu, Ziwani, Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati, na wazee waliowaona walikuwa wakisimulia mabao yao kwa kinyozi kana kwamba yamefungwa jana. Kisha kampuni kubwa za Eneo la Viwanda zikaanza kuwa na timu zao. Hazikuwa na haja ya kutafuta vipaji vichochoroni. Zilisubiri mtu afundishwe, halafu zikamwendea na kazi: kazi ya stoo, kazi ya ulinzi, kazi ya kubeba faili, na pengine chumba cha kuishi. Msimu mmoja nusu ya mabingwa wakaondoka, na uliofuata wakaondoka waliosalia. Timu ikashuka daraja. Ndipo wakubwa wa klabu walipomwita yule dereva wa lori, aliyekuwa akifundisha watoto wa kanisa lake, wakamwambia ajenge upya. Nadhani walifikiri ni kazi ya msimu mmoja au miwili. Alijenga mpaka alipozeeka.

Namna yake ya kutafuta wachezaji ilikuwa hii. Jumapili baada ya ibada alivua koti, akalitundika begani, akatembea kwa miguu kiwanja hadi kiwanja. Alisimama nyuma ya lango, mahali ambapo vumbi lote huja, na hakuutazama mpira. Nilipomwuliza sababu alisema, "Mpira haujui kucheza. Mimi namtazama aliyenyang'anywa. Akishika kiuno, namwacha. Akikimbia kuurudisha, namfuata mpaka kwao." Na kweli aliwafuata. Aliketi na mama zao, akala walichokula, akauliza kama kijana anasoma na kama anaamka mapema. Kuna watu mtaani waliomdhania ni mchunguzi wa polisi.

Mazoezini alikuwa mkali kupita kiasi. Ukichelewa alikuzungusha uwanja mpaka miguu ikalegea, ilhali saa yake mwenyewe mkononi ilikuwa imekufa tangu zamani na wakati aliukisia kwa kutazama jua. Alitukataza kutukana, lakini refa akikosea yeye mwenyewe alitamka maneno ya lugha ya kwao ambayo hakukubali kamwe kututafsiria. Alitufundisha kwamba aliyekosea asilaumiwe mbele ya wenzake, na siku hiyohiyo angemlaumu mtu mpaka ndege wa mitini waondoke. Asubuhi ungekuta lori limesimama mbele ya nyumba yenu, injini ikiguruma, naye amekuletea ndizi. Samahani hakuisema. Alikuambia, "Kula, una mbavu kama baiskeli," akaenda zake kuzoa taka.

Jambo la waganga lilimtia matatani zaidi ya mengine. Karibu kila timu wakati huo ilikuwa na mtu wake, na mwenyekiti wetu, aliyekuwa na bucha pale mtaani, alituletea mzee mmoja na chupa ya maji ya kujipaka kabla ya mechi. Kocha alikuwa mlokole. Aliichukua ile chupa, akaifungua, akaimwaga kwenye nyasi pole pole mpaka tone la mwisho, akamrudishia mzee kwa heshima.

"Mzee, shikamoo. Nyasi zilikuwa kavu."

Tulifungwa vibaya siku hiyo. Kwa majuma mengi hakuweza kupita mbele ya bucha bila kuambiwa juu ya chupa. Lakini mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Kocha, aliniambia jambo ambalo yeye asingeliungama. Kocha alikuwa na sweta moja ya kahawia, na tukishinda hakuruhusu ifuliwe mpaka tushindwe. "Ni baridi tu," alikuwa akimwambia mkewe. Mwaka mmoja tuliofungwa mara nyingi, Mama Kocha aliniambia akiwa amejishika mdomo, "Namba Mbili, sweta hiyo nimeifua mpaka imebaki nyuzi."

Tulipanda tukashuka, tukapanda tena. Ukiniuliza msimu gani ulikuwa upi sitaweza kukuambia, kwa sababu yote ilikuwa na sura moja. Mwanzoni tulikuwa watoto wasiojua kusimama, tukifungwa na kila mtu. Katikati ya mwaka wa pili kitu kilianza kushikana. Unampa mwenzako pasi bila kutazama na unamkuta yupo. Watu wakaanza kuja uwanjani na viti vyao. Halafu, wakati ule ule, mmoja wetu angekuja mazoezini na viatu vipya.

Viatu ndivyo vilivyomjulisha Kocha. Hakuuliza vimetoka wapi. Alivitazama mara moja, akageuka, akaendelea kupanga koni zake, na sisi tukajua. Baada ya siku chache kijana angefika nyumbani kwake akiwa na baba au mjomba. Mama Kocha angeweka mezani githeri ya mahindi na maharagwe, na Kocha angeanza kunguruma.

"Nimekufundisha kukimbia, sasa unanikimbia mimi."

Kijana angetazama sakafu. Mjomba angekohoa. Halafu Kocha angeuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Kazi gani?"

"Ya stoo, Kocha."

"Nyumba wamekupa?"

"Chumba. Makadara."

Angeingia chumbani na kutoka na tai yake, ya pekee aliyokuwa nayo, ya buluu yenye mistari. Angemfunga kijana shingoni kwa mikono yake, akikaza, akilegeza, akirudi nyuma kuitazama. "Hutaenda ofisi ya watu shingo wazi kama mbuzi. Na uirudishe." Tai hiyo ilihojiwa kazi nyingi kuliko mtu yeyote wa Ziwani. Aliyeivaa kanisani Jumapili mara moja moja ni yeye, na wengine tuliosali naye tulijua ina harufu ya mafuta ya nywele ya nani.

Nimefika kwa Wekesa, na hapo ndipo simulizi hii inaponiwia nzito.

Wekesa alikuwa winga wa kushoto. Kocha alimwona Shauri Moyo akicheza peku kwenye kiwanja cha changarawe, na nakumbuka jioni hiyo alikuja kwangu bila sababu, akaketi, akakataa chakula. Mwishowe akasema, "Nimemwona mmoja," akaondoka. Baba yake Wekesa alikuwa amewaacha. Mama yake alifua shuka za gesti za Eastleigh. Kocha na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyekuwa chuo cha ualimu wakati huo, na pole pole kiti cha binti mezani kikawa cha Wekesa. Alikuwa kijana mpole, mwenye kucheka kwa mabega. Akiwa na mpira, watu wazima walisimama bila kujua wamesimama.

Yeye na wenzake wa rika lake walitupandisha hadi ligi kuu. Msimu wa kwanza tulinusurika. Wa pili ulikuwa mgumu, na ukaisha ukitudai jambo moja: mechi ya mwisho tusifungwe. Sare ingetosha tubaki. Tulikuwa tucheze na timu ya kampuni moja ya Eneo la Viwanda, na nusu ya wachezaji wake walikuwa wamewahi kuvaa ile tai.

Juma moja kabla ya mechi, mtu wa kampuni hiyo alisimamisha gari mbele ya chumba cha Mama Wekesa. Kazi ilikuwapo, ya kudumu, na nyumba ya vyumba viwili. Lakini kijana alitakiwa aripoti Jumatatu iliyofuata, kabla ya mechi, na mfanyakazi wa kampuni asingeweza kucheza dhidi ya kampuni. Akikawia, nafasi ingeenda kwa mwingine.

Kilichohitajika ni klabu imwachilie, na neno la klabu katika mambo ya wachezaji lilikuwa la Kocha. Mwenyekiti alimwendea wazi wazi. "Mshikilie mpaka mechi iishe. Wakimtaka kweli watangoja."

"Na wasipongoja?"

"Hiyo ni shida yao."

"Ni shida ya nani?" Kocha aliuliza.

Nilikuwa nahodha mwaka huo, na nilikuwa kwake nikihesabu jezi wakati Mama Wekesa alipobisha hodi. Hakutaka kuketi. Mama Kocha alimvutia kiti, naye akakishika mgongo tu.

"Kocha, nimekuja nikuone."

"Karibu, mama."

"Unampenda huyu kijana. Mimi najua. Ameshiba hapa siku ambazo kwangu hakukuwa na moto." Kisha akanyoosha mikono juu ya meza, viganja juu. Ngozi ilikuwa imepasuka kwa sabuni na magadi, nyeupe kama unga kwenye mipasuko. "Hii mikono imeisha. Sikuambii ufanye nini. Nakuonyesha tu."

Kocha aliitazama ile mikono muda mrefu. "Nikimwachilia tunashuka," alisema. Hakuwa akibishana. Ilikuwa kama anaomba mtu amwonyeshe njia nyingine.

"Na usipomwachilia?"

Mimi ningeweza kusema. Niliikunja jezi moja, nikaikunjua, nikaikunja tena. Mama Kocha alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni akimtazama mumewe, na nikaona kwamba hata yeye hajui anataka ajibu nini.

"Mwambie aje nimfunge tai," Kocha alisema.

Siku ya mechi Wekesa alikuwa jukwaani upande wa kampuni, amevaa koti lao. Sikumtazama zaidi ya mara moja. Kwenye nafasi yake alicheza kijana wa shule aliyekuwa akitetemeka mpaka nikamshika bega. Tulisimama imara. Nasema kweli, sijawahi kucheza vile, wala sikucheza vile tena. Kipindi cha kwanza kikapita, cha pili kikaenda, na Kocha alikuwa amechuchumaa kando ya mstari akiwa na ile sweta, hapigi kelele, na kunyamaza kwake kulinitia hofu kuliko makombora yao.

Karibu na mwisho mpira wa kona uliruka, ukanipita kichwani, na aliyekuwa nyuma yangu alikuwa Namba Tisa wetu wa zamani. Aliugusa tu kwa kichwa. Kocha ndiye aliyemfundisha kufumbua macho anapopiga kichwa, jioni nyingi, kwa mpira uliofungwa kwenye kamba. Baada ya kufunga hakushangilia. Aliinamisha kichwa, akarudi katikati ya uwanja akitembea, na wenzake walipomrukia aliwasukuma.

Bao moja. Tukashuka.

Mashabiki wetu waliturushia maganda na chupa tukiingia kwenye lori. Kisha mtu mmoja akapaza sauti, "Kocha ameuza mtoto." Nilimwona Kocha akilisikia. Aliingia, akafunga mlango, akawasha injini. Neno hilo lilifika Ziwani kabla yetu, na halikutoka tena. Watu waliokula kwake walilisema. Mwenyekiti, aliyejua ukweli wote, hakulisema wala hakulikanusha.

Njiani, kwenye barabara ya Jogoo, alisimamisha lori kando. Tulimwona akishuka, akaenda nyuma, akainama kwenye gurudumu. Niliruka chini nikamfuata. Alikuwa ameweka kiganja kwenye mpira wa gurudumu kama mtu anayempima mtoto homa.

"Limepungua upepo," alisema bila kunitazama.

Gurudumu lilikuwa zima. Nilisimama naye. Magari yalipita. Baadaye alisimama, akajipangusa, akasema twende.

Wekesa aliichezea kampuni ile msimu mmoja na sehemu ya mwingine. Kisha goti likaenda. Walimtibu, wakamngoja kidogo, halafu kazi yake ikapewa mtu mwingine mwenye magoti mawili. Ile nyumba ya vyumba viwili ikarudi kwa wenyewe, na Mama Wekesa akarudi kwenye shuka za Eastleigh. Nilimkuta siku moja kwenye foleni ya maji. Yeye ndiye aliyenipa pole.

Nilikwenda na Kocha kumwona kijana. Alikuwa kitandani, mguu juu ya gunia lililokunjwa. Kocha alisimama mlangoni akamtazama, akashindwa kuingia.

"Kocha, usinitazame hivyo," Wekesa alisema.

"Nakutazama vipi?"

"Kama tumefungwa."

Alijaribu kucheka, mabega yakainuka yakashuka. Kocha akavuta kigoda, akakunja mikono ya shati, akamimina mafuta ya kuchua kiganjani. Daktari alikuwa ameshasema kilichokatika ndani ya goti lile hakitaungwa kwa mkono. Kocha alimsikia daktari kama nilivyomsikia mimi. Lakini kila jioni, akitoka kazini na harufu ya kazi bado mwilini, alipitia Shauri Moyo akalichua goti lile. Alilichua mpaka mvua zikaja zikaisha. Wekesa aliniambia halikuwa likimsaidia kitu, na kwamba aliogopa kumwambia mzee aache. Mwishowe aliaga, akaenda magharibi kwa mjomba wake mwenye kinu cha kusagia mahindi, na huko ndiko alikooa.

Kuhusu timu hakuna mengi. Tulicheza madaraja ya chini, kila mwaka chini zaidi. Kiwanja chetu cha mazoezi kikawekewa uzio wa mabati, kikachimbwa msingi. Kocha alikwenda kuuliza ofisi moja, akatumwa nyingine, akarudishwa ya kwanza. Akaacha kuuliza. Akastaafu, lori likapewa kijana asiyependa mpira, naye akahamia mtaa wa Tena kwa binti yake Rose, ambaye sasa alikuwa mwalimu.

Nilikawia kumtembelea. Nilipokwenda, nilimkuta ameketi uani kwenye kiti ambacho kilikuwa kimegeuzwa kuelekea ukuta wa nyumba. Nyuma yake, upande wa pili wa uzio, kulikuwa na ploti ambayo haijajengwa, na watoto walikuwa wakicheza mpira wa karatasi na kamba. Alikuwa amekonda. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemshika miguu, na alivaa ndara zilizokatwa mbele ili vidole visibanwe. Daktari alimkataza kutembea ovyo.

"Namba Mbili," alisema. "Umenenepa."

Tulizungumza habari za mvua, na sukuma wiki zake, na watu waliokufa. Mama Kocha alikuwa kando yetu akimenya minji. Nilitaka kumwambia kwamba sikuwahi kuamini lile neno la kuuza mtoto, na kwamba pale mezani, nikikunja jezi, hata mimi sikujua lipi lilikuwa sawa. Nilipolianzisha alinikatiza kwa mkono.

"Mpira niliacha. Muulize huyu."

"Aliacha," Mama Kocha alisema akitazama minji yake.

Nyuma yetu mpira uligonga uzio. Kocha aliendelea kuniambia bei ya mbolea. Ukagonga tena, na tena, na katikati ya sentensi akanyamaza. Bila kugeuza kichwa akasema, "Huyo anapiga kwa ncha ya kidole. Atajivunja." Kisha akarudi kwenye mbolea, lakini maneno yalikuwa yakimjia mbali mbali, kama mtu anayesikiliza redio nyingine.

"Baba Rose, chai yako inapoa," mkewe alisema.

"Nakuja. Acha nitazame kama lango limefungwa."

Aliinuka kwa kushika ukuta. Akajikokota na zile ndara, akapita mlango wa uani, akapotea. Nilinyanyuka nimzuie, au nimshike mkono. Mama Kocha akanigusa goti niketi.

"Kila siku huwa ni lango," alisema.

Juu ya uzio tulikiona kichwa chake kikienda mpaka katikati ya ploti, na watoto wakimzunguka. Kisha kikatoweka, kwa sababu alikuwa ameinama kumshika mmoja wao kifundo cha mguu, akikigeuza upande huu na upande huu. Tulisikia sauti yake, ile ya zamani, ikimwuliza mtoto anaishi nyumba gani na kama mama yake yuko.

Mama Kocha alichukua kisahani, akaifunika chai ya mumewe.